Bibi Hasifiwi, Husimuliwa

Anayehudhuria mazishi bara, iwe Iringa au Kisii, anaijua karatasi ile hata kabla haijasomwa. Juu kuna picha ya marehemu iliyokatwa kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine. Bega la aliyesimama naye bado linaonekana pembeni. Chini yake vichwa vimepangwa kwa mfuatano usiobadilika: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, ugonjwa, kifo. Kijana aliyesoma kuliko wenzake katika ukoo hupewa kipaza sauti. Kama marehemu alikuwa mwalimu, karani au askari, karatasi humkaa vizuri, maana ilikatwa kwa kipimo chake: shule aliyoanzia, chuo, kituo cha kwanza cha kazi, uhamisho, cheo, kustaafu. Akifa bibi, yule aliyekuwa nguzo ya nyumba tatu nne na kimbilio la kila mtoto aliyegombana na mzazi wake, karatasi hiyohiyo inakuwa nguo ya kuazima. (Wakenya watamwita nyanya, kwa kuwa kwao bibi ni mke, tusigombane, tunamzungumzia mtu yuleyule.) Elimu: hakubahatika kusoma. Kazi: mkulima. Mistari miwili, na miaka 80 imekwisha. Nafasi inayobaki hujazwa maneno ambayo kila bibi huvalishwa: alikuwa mwema, mcheshi, mwenye upendo, mcha Mungu, mpenda watu. Kisha unakuja ugonjwa, na hapo msimulizi anapata ulimi ghafla: tarehe ya kupelekwa zahanati, tarehe ya rufaa, wodi aliyolazwa, saa aliyokata roho. Wiki tatu za mwisho zinapewa nusu ukurasa. Umri mzima uliozitangulia umepewa vivumishi vitano.

Sidhani kwamba wanaoandika karatasi hizo hawakumpenda bibi yao. Nadhani wamedharau ugumu wa kazi waliyopewa. Kumsimulia bibi mwema ni ufundi, kama kufinyanga au kusuka ukili, na ni ufundi mgumu kuliko kuandika maisha ya mtu mwenye vyeo. Mwenye vyeo huacha barua, mihuri, majengo yenye jina lake, na maadui wanaomkumbuka barabara. Wema wa nyumbani hauachi cheti. Uovu uliotendwa mara moja husimuliwa vizazi vitatu, lakini chakula kilichopakuliwa kila jioni kwa miaka 50 hakina tarehe hata moja ya kushikia. Walioufaidi wamegeuka kuwa watu wazima wenye afya na adabu, wakiamini kwamba walizaliwa hivyo. Anayeweza kuuchomoa wema wa namna hiyo kutoka mahali ulipojificha, akautia katika maneno ambayo mgeni asiyewahi kumwona bibi ataamini, anastahili heshima tunayompa seremala wa milango ya nakshi.

Lugha yetu yenyewe inatuonyesha pa kuanzia. Sifa na wasifu yamechipuka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kueleza kitu kilivyo. Maana hiyo ya kale haijafa: tangazo la kazi likitaja sifa za mwombaji, halimpongezi mtu, linaeleza tu awe mtu wa namna gani. Lakini katika matumizi ya kila siku sifa zimehama kutoka kueleza kwenda kupamba, na wasifu umezifuata, ukabeba mafuta yaleyale ya mgongo wa chupa. Litazame pia neno marehemu: ni yule aliyerehemiwa. Kwa kumwita hivyo tu tumeshamwombea na tumeshamkabidhi kwa Mola wake. Msimulizi basi hana haja ya kuwa wakili anayeipamba kesi mbele ya hakimu. Kazi iliyobaki ni ya shahidi, na shahidi hutakiwa kusema alichokiona.

Mfano bora wa ushahidi huo ninaoujua uliandikwa na mwana wa Unguja, ingawa hakuuandika kwa Kiswahili. Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka kisiwani mwaka 1866, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na kitabu chake cha kumbukumbu kikatoka Berlin mwaka 1886. Wasomaji wengi hukifungua wakitafuta habari za jumba la baba yake, Sultani Sayyid Said, mabinti wake, sherehe na fitina za kurithi kiti. Mimi nakirudia kwa ajili ya mama yake, Jilfidan, Mcherkesi aliyetekwa utotoni akawa suria wa Sultani, na aliyekufa kwa kipindupindu mwaka 1859. Tazama binti anavyofanya kazi yake. Umri wa mama haukuandikwa popote, naye hasemi alizaliwa mwaka fulani hivi. Anasema huenda aliletwa akiwa na miaka saba au minane, kwa kuwa jino lake la kwanza la utoto liling'oka ndani ya nyumba ile. Halafu anakiri kwamba mama hakuwa mzuri wa sura: alikuwa mrefu, mwenye macho meusi na nywele zilizofika magotini. Akifika kwenye huruma yake hatwambii tu kwamba ilikuwa kubwa. Anatuonyesha mama akitembea kutoka kitanda cha mgonjwa mmoja hadi cha mwingine, kitabu mkononi, akiwasomea maneno ya faraja.

Mambo matatu tu: jino, sura na kitabu. Jino linatupa umri, lakini linatupa pia utoto ulioibwa, na linafanya hivyo bila kulia. Anayetaka kulia ni msomaji, kwa hiari yake. Kukiri kwamba mama hakuwa mzuri ndiyo muhuri wa yote. Binti aliyekataa kumpa mama yake uzuri asiokuwa nao atakuwa hakumpa wema asiokuwa nao, kwa hiyo tunamwamini kwa mengine yote. Nacho kitabu kinafungua mlango mwingine. Mtoto aliyetekwa, akatengwa na nchi na lugha yake, amekuwa mtu wa kuwasomea wengine kando ya vitanda vyao, katika nyumba ambamo wasichana walifundishwa kusoma lakini si kuandika. Salme mwenyewe alijifunza kuandika kwa siri, akitumia mfupa wa bega la ngamia kama ubao wake. Kama kuna nasaba kati ya kitabu kilichokuwa mkononi mwa mama na kalamu iliyokuja kuwa mkononi mwa binti, Salme haitangazi. Ameviweka vyote mahali tunapoweza kuviona, akanyamaza. Kunyamaza huko ni sehemu ya ufundi, na ndiyo sehemu inayowashinda waandishi wengi wa karatasi zetu.

Shaaban Robert naye, alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, alikuwa na marehemu, mwimbaji wa Unguja, ambaye umaarufu ulishamwachia tarehe: safari ya Bombay ya mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, kifo cha mwaka 1950. Kwa mwandishi mvivu hayo yangetosha. Lakini Siti hasimami mbele yetu kwa sababu ya Bombay. Anasimama kwa sababu ya vyungu: udongo wa Fumba, kazi ya ufinyanzi ya nyumbani kwao, na mwendo wa kuvipeleka mjini kuviuza huku sauti yake ikitangulia kumtangaza. Ukiondoa chungu, Siti anabaki jina kwenye kibao cha mtaa. Sisemi kwamba Shaaban Robert hakuteleza. Mpenda mawaidha kama yeye hukiweka chungu chini mara kwa mara ili amnasihi msomaji, na kurasa hizo zimezeeka haraka kuliko nyingine. Hata hivyo kumpa mwanamke wa familia maskini ya Fumba kitabu kizima kulikuwa kumtendea haki ambayo wengi wa aina yake hawakuipata.

Suala la tarehe linastahili kukaliwa kidogo, maana ndipo waandishi wa wasifu wa mabibi wanapoona haya bila sababu. Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 2013, alipoulizwa umri wake alijibu kwamba alizaliwa zama za rupia. Mwanahistoria atalalamika kwamba rupia ilitumika Unguja mpaka mwaka 1935, kwa hiyo jibu halimsaidii. Mimi naona limesaidia sana. Limetupa mkono ulioshika sarafu ile, na mtu aliyeipima dunia kwa kilichonunuliwa na kilichouzwa. Mabibi wengi huhesabu hivyo: kwa mwaka wa nzige, kwa mimba iliyoharibika, kwa kuhamia kijijini. Kijana mwenye kompyuta huyageuza yote hayo kuwa "alizaliwa mwaka 1938 hivi", akidhani amesahihisha. Amefuta. Ukiandika kwamba wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974, Tanzania ilipowahamishia watu vijijini, alihama akiwa na mtoto mgongoni na mbegu za maharage zimefungwa kwenye pindo la kanga, umetoa umri, umetoa mzigo, umetoa historia ya nchi, na umetoa tabia ya mtu ambaye hata akifukuzwa hufikiria msimu ujao.

Hapo ndipo ninapoona chombo kikuu cha fundi huyu: swali. Anayeuliza "alikuwaje?" atapata vivumishi. Anayeuliza "alifanyaje?" atapata maisha. Chukua miaka ya mwanzo ya themanini Tanzania, sukari na sabuni zilipoadimika, watu wakafulia majani ya mpapai, na mwaka 1983 serikali ikawasaka walioitwa wahujumu uchumi. Kilo moja ya sukari iliyopatikana kwa kusimama foleni ilikuwa mtihani wa roho kuliko hotuba yoyote. Bibi huyu alifanyaje na kilo hiyo? Aliifungia sandukuni? Aliigawa kwa kijiko kwenye vipande vya gazeti, cha kwanza kikaenda kwa mzazi aliyehitaji uji? Au alimtuma mtoto usiku, ili jirani asipate aibu ya kupokea mchana? Jibu lolote kati ya hayo lina uzito kuliko neno mkarimu, hata likiandikwa kwa herufi kubwa.

Majibu yapo, ila hayapo mahali tunapoyatafuta. Kamati ya mazishi hukaa chini ya turubai, mbele, na daftari la rambirambi. Ni wanaume wengi, na wengi wao walikuwa shuleni, jeshini au mjini wakati bibi akiishi maisha yake. Wanaojua wako nyuma ya nyumba, kwenye masufuria makubwa, wakimenya ndizi na kupembua mchele. Huko ndiko kunakosemwa kwamba marehemu alihesabu vichwa kabla ya kupakua, akijihesabu wa mwisho, na ndiyo maana ukoko ulikuwa wake. Kwamba alimtetea mkamwana dhidi ya mwanawe wa kumzaa. Kwamba hakupenda kushukuriwa, ukimshukuru alikutuma kuni. Fundi wa wasifu huvuta kigoda akakaa hapo, akasaidia kumenya, akauliza, akangoja. Mara ya kwanza ataambiwa alikuwa mama mwema. Mara ya pili ataambiwa hivyohivyo, na machozi juu. Mara ya tatu mmoja atasema, "Unakumbuka ile siku ya mvua?" na kazi itakuwa imeanza. Inashangaza kwamba umbali kati ya turubai na jiko ni hatua 20, na mara nyingi hakuna anayetumwa.

Wapo watakaonipinga, na pingamizi la kwanza lina heshima ya dini. Sadaka njema ni ya siri, Waislamu na Wakristo wanakubaliana katika hilo. Bibi aliyetuma sukari usiku hakutaka itangazwe kwa kipaza sauti. Je, kusimulia si kumvunjia siri? Nakubali kwamba mpokeaji asitajwe jina kama bado anaweza kuona haya. Lakini siri ile ilikuwa wajibu wa mtoaji. Aliyepokea hakuapishwa kunyamaza. Yeye ana wajibu mwingine, wa kukiri. Kama kila aliyelishwa atakaa kimya kwa kumwonea haya marehemu, watoto watakua wakidhani kwamba wali hujipika.

Pingamizi la pili husema: marehemu hasemwi vibaya, nawe ukianza kufukua matendo utafukua na yasiyofaa. Ni kweli, na ndiyo sababu huu ni ufundi, haufanani na kupekua sanduku. Ugomvi wa mpaka wa shamba, maneno ya wake wenza, aliyempenda zaidi kati ya wanawe: hayo yana mahali pake, na mahali pake si makaburini. Ila kuna kosa la upande wa pili ambalo halikemewi, la kumfanya bibi awe mpole tangu kuzaliwa hadi kufa. Waliomjua wanajua alikuwa mkali. Alipiga kelele mlango ukiachwa wazi, alimkaripia padri, alikataa kuongea na mtu mwezi mzima kwa sababu ya kuku. Ukiyaondoa hayo, wema wake unakuwa hali ya hewa: ulikuwapo tu, kama umande. Ukiyaacha, tunaona kwamba mtu mwenye hasira zake, uchovu wake na mapendeleo yake aliamua, asubuhi baada ya asubuhi, kufungua mlango. Ni yaleyale ya Salme na sura ya mama yake.

La tatu ndilo zito. Wanawake wengi waliosoma, na baadhi ya ambao hawakusoma, wamechoka kusikia bibi akisifiwa kwa kujitoa. Wanasema sifa hizo ni kamba: zimemfunga aliyekufa na zinatandikwa kuwafunga walio hai. Mama wa ukoo husifiwa kwa kula mwisho ili binti yake naye ale mwisho. Sina jibu la kuliondoa pingamizi hili, na sidhani linapaswa kuondolewa. Ninachosema ni kwamba kivumishi ndicho rafiki wa kamba hiyo, na habari kamili ndiyo kisu chake. Andika "alijitoa mhanga kwa familia" na kila mtu atatikisa kichwa kwa ridhaa. Andika kwamba alipanda kutoka mtoni na ndoo ya lita 20 kichwani, yaani kilo 20 za maji, mara mbili kila alfajiri, mpaka bomba lilipofika kijijini akiwa ameshapata wajukuu, na msikilizaji makini atauliza ni mabega ya nani mengine yaliyokuwa yamelala nyumbani saa hiyo. Wema wake haujapungua hata tone, na gharama yake imeonekana.

Mwana Kupona wa Pate anaweza kutumika kama shahidi wa pande zote mbili. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha ambao mpaka leo unazua mabishano: wapo wanaouona ni mafunzo ya utii kwa mume, wapo wanaosikia ndani yake ujanja wa mwanamke anayejua kuiendesha nyumba bila kuonekana ameshika usukani. Sitawaamua. Nataka tu kuonyesha kwamba mama yule, alipojua kwamba hatakuwapo, hakumwachia mwanawe majina ya tabia njema peke yake. Alimwachia mambo ya kufanya kwa mkono: kumpepea mtu, kumkanda, kutomwamsha kwa kelele. Ndiyo maana tunaweza kubishana naye hadi leo kama aliye chumba cha pili. Hakuna anayebishana na karatasi ya vivumishi vitano.

Yapo pia makumbusho yasiyohitaji msemaji, na pwani yanaheshimiwa kuliko karatasi. Muislamu huzikwa upesi, mara nyingi siku ileile, bila kusomewa habari za maisha yake. Hitima na dua ndizo humfuata. Kanga za marehemu hugawiwa binti na wajukuu, kila moja na jina lake lililoandikwa kwenye nguo. Wakikuyu humpa binti wa kwanza jina la bibi mzaa baba, na wa pili jina la bibi mzaa mama, hivyo jina halilali. Nayapenda yote, lakini jina hurithiwa na mtu asiyejua kwa nini lilipendwa, na kanga huchakaa. Wala haraka ya mazishi si udhuru. Salme alichapisha miaka 27 baada ya kipindupindu kumchukua mama yake, na hakuna aliyemwambia amechelewa.

Katika mazishi mengi, ya dini zote, kabla watu hawajatawanyika husimama mzee wa ukoo akatangaza kwamba anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, awaone warithi. Nusu ya kwanza ya tangazo hupata watu: mwenye duka na daftari lake, mama wa upatu, aliyeuza dawa kwa mkopo. Nusu ya pili hupokewa kwa ukimya, ingawa uwanja umejaa wadaiwa. Yuko aliyekandwa siku 40 za uzazi na hakulipa kitu. Yuko aliyefanya mtihani kwa ada iliyotoka kwenye kuku watatu. Yuko mzee mwenye mvi, amekaa kiti cha plastiki safu ya nyuma, ambaye aliwahi kulala usiku mmoja jikoni kwa bibi huyu alipofukuzwa kwao, akapewa kanga ya kujifunika na hakuulizwa swali hadi kulipokucha. Karatasi ya wasifu ina nafasi ya kutosha kwa deni moja kama hilo, ugonjwa ukipunguziwa mistari.